Bunduki ya Kumi na Mbili

Jumanne, 8 Septemba 1992

Jua la kubabua. Tumeshusha makreti matatu nyuma ya duka, kila moja na bunduki kumi za jeshi la China, zimelala kwenye grisi nene yenye rangi ya asali iliyoungua. Zimekaa ghalani miaka mingi kuliko ndoa za watu wengi wa bonde hili. Mzee Wendell Stauffer, mwenye duka, ameinama juu ya kreti la kwanza, akanusa, akacheka. "Verlin, hizi hazijawahi hata kumtisha sungura."

Ukishika moja tu, siku nzima imekwisha. Kitasa cha mlango kinanata, kikombe cha kahawa kinanata, usukani wa gari unanuka ghala. Lakini grisi naijua. Hii ni miaka ishirini na miwili niko kwenye meza ya kazi ya Wendell, na Septemba ni mwezi wangu. Unafungua bunduki vipande vipande, unatia vyuma kwenye mfuko mweusi wa takataka, unaulaza juu ya bati la banda. Jua linapika. Kufika alasiri grisi inatiririka yenyewe kama jasho la mkulima. Inayobaki napambana nayo kwa petroli na brashi.

Bunduki hizi hazifai kwa kulungu, sheria ya jimbo letu inazikataza kwa sababu zinajijazia risasi zenyewe. Watu wanazitaka kwa kulenga shabaha klabuni. Wendell anataka zote thelathini ziwe tayari kabla ya msimu wa kulungu. Mikono yake inatetemeka siku hizi, hata bisibisi inamshinda. Ameniuliza kama nitaweza peke yangu. Nimesema nitaweza.

Jumatano, 9 Septemba

Joto. Mifuko minne juu ya bati.

Jumatatu, 14 Septemba

Kumbe hakuniamini. Leo ameingia na mwanamke mmoja mfupi, mnene kidogo, nywele amezifunga kwa kitambaa cha bluu.

"Verlin, huyu ni Zita Pavlik. Alikuwa dobi kwenye duka la kufulia pale chini karibu na reli, wamelifunga juzi. Atatusaidia."

"Ameshawahi kushika bunduki?" nikamuuliza Wendell.

"Niulize mimi mwenyewe, kaka, si niko hapa?" akasema yule mama. "Sijawahi. Nimeshika makoti ya watu miaka kumi na tisa. Doa ni doa."

Wendell akacheka mpaka akakohoa, akashika ukingo wa meza. Tangu amzike mkewe sijamsikia akicheka hivyo. Mimi nimejaribu kumchekesha.

Alhamisi, 17 Septemba

Anauliza sana. Hii inaitwaje, ile ya nini. Namjibu kwa neno moja moja.

Jumamosi, 19 Septemba

Lazima niandike jambo la leo.

Shida ya grisi hii ni mbao. Chuma unakisugua kinakubali, lakini kitako cha bunduki ni mbao, na mbao imeinywa. Unaipiga petroli, inang'aa, unafurahi. Kesho yake ukiiweka karibu na jiko inatoka jasho jeusi upya. Miaka yote nimewaambia wateja ndivyo zilivyo, wavumilie.

Zita amekuja na mashine ya mvuke aliyoichukua kule kwenye duka la kufulia walipokuwa wanafunga. Akafunga kitako kwa taulo la zamani, akapuliza mvuke, akafuta. Akapuliza, akafuta. Hasemi kitu, anaimba puani tu. Taulo likageuka kahawia, la pili likageuka manjano, la tatu likabaki karibu jeupe. Hata yale mabonde ya kugongwagongwa yakainuka, mbao ikavimba ikarudi mahali pake. Alipomaliza ilikuwa nyekundu kama kokwa ya chestnati iliyotoka gandani sasa hivi.

Wendell aliipeleka dirishani. Akaigeuza, akaigeuza. "Verlin," akaniita, "njoo uone."

"Nimeona," nikasema nikiwa palepale.

Jumanne, 22 Septemba

Wendell ameniambia nimfundishe Zita bolti, ili aweze kusafisha bunduki moja mwanzo hadi mwisho. Bolti ni lile pande la chuma linaloisukuma risasi ndani na kufunga. Ndani yake mna pini inayogonga risasi. Pini hii lazima iteleze huru. Ukitikisa bolti iliyo safi karibu na sikio, inalia: chaka, chaka. Ikiwa bubu, grisi imeishika. Na grisi ikiishika pini ikiwa imechomoza mbele, bunduki haingoji kidole. Unafunga bolti tu, inafyatuka, inajijazia, inafyatuka tena, mpaka risasi kumi ziishe. Nimeona mara moja, mwaka wa sabini na nne. Namshukuru Mungu kulikuwa na kilima mbele.

"Mfundishe vizuri," Wendell akasema. "Na kila atakayosafisha, wewe uikague. Mtie sahihi wote wawili kwenye kikaratasi cha bunduki."

"Nitamfundisha."

Ijumaa, 25 Septemba

Zita aliniuliza habari za bolti. Nilikuwa na shughuli. Nikamwambia, "Futa nje, tia tone la mafuta, weka kando."

"Basi?"

"Basi."

Nitamfundisha wiki ijayo.

Alhamisi, 1 Oktoba

Mawingu. Nimelaza mifuko mitano juu ya bati, jioni nimeikuta baridi kama vyura.

Zita amemaliza bunduki yake ya kwanza nzima. Nimeikagua alipokwenda kula. Mbao, sina la kusema. Mtutu, safi. Bolti, bubu kabisa. Nikaifungua mwenyewe, nikaitoa pini, nikaisafisha, nikairudisha inalia. Nikatia sahihi. Sikumwambia mtu. Siku moja nitamwambia Wendell: hesabu hizi hapa, angalia ni mara ngapi nimefunika makosa ya huyo mama yako wa mvuke.

Moja.

Jumanne, 6 Oktoba

Mvua. Bolti mbili zake. Jumla tatu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Mvua. Tano.

Ameleta mkate wa kuviringishwa wenye kokwa za jozi ndani, wa kwao Waslovakia. Wendell amekula vipande vitatu akajipaka sukari hadi kwenye ndevu. Mimi nilisema nimeshiba. Nilikuwa sijala tangu asubuhi.

Jumatatu, 12 Oktoba

Jua limetuaga. Petroli kwenye baridi haifanyi kitu, inaisogeza grisi huku na kule tu. Leo ilibidi nimwendee.

"Naomba hiyo mashine yako, nusu saa."

"Chukua, kaka Verlin. Ngoja nikuwekee maji." Akanijazia, akanionyesha valvu, na hakucheka hata kidogo. Afadhali angecheka.

Alhamisi, 15 Oktoba

Lamar Benner amekuja, dereva wa basi la shule, na mkewe Faye, yule anayepiga kinanda kanisani kwa Walutheri. Faye anapenda kulenga shabaha kuliko mumewe, na humshinda, na Lamar hujisifia jambo hilo kana kwamba ndiye anayeshinda.

"Tunataka moja," Lamar akasema. "Lakini iwe ya yule mama."

"Zote zinatoka hapahapa," nikamwambia.

"Ee, najua. Ila shemeji yangu alichukua ya kwako na bado inamtokea jasho kwenye shati. Usinune, Verlin! Nakutania."

Faye akamkanyaga mguu. Wendell akawaambia itakuwa tayari mwisho wa mwezi, Zita ataisafisha mwenyewe.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nane.

Jumatano, 21 Oktoba

Wendell amempa ufunguo wa duka. Amempa hivihivi, mbele yangu, huku anatafuta miwani yake. "Shika, mama, usiwe unasimama nje kwenye baridi."

Mimi ufunguo huo niliupata mwaka wangu wa tisa wa kazi. Nakumbuka ilikuwa Jumatatu. Nilikwenda nao nyumbani nikauweka mezani nikautazama.

Wiki tano. Wiki tano na siku mbili.

Jumamosi, 24 Oktoba

Kumi na moja. Ninajua ninachopaswa kufanya. Dakika kumi zingetosha: keti hapa, shika hii, sukuma hapo, pini inatoka, safisha tundu, rudisha. Kila asubuhi najiambia leo. Kisha anaingia, Wendell anasimama kumvutia kiti, na dakika kumi zangu zinayeyuka.

Alhamisi, 29 Oktoba

Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile isiyotosha kufungua mwavuli.

Nilikuwa chumba cha nyuma napanga mabrashi. Wendell na Lamar walikuwa mbele wanakunywa kahawa. Ukuta ule ni mbao tupu.

"Na baada yako, mzee?" Lamar akauliza. "Duka litakwenda wapi?"

"Nafikiria," Wendell akasema. "Huyu mama ana mkono. Na watu wanampenda. Duka haliendeshwi kwa bisibisi tu."

"Na Verlin?"

Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni. "Verlin ni fundi," Wendell akasema. "Fundi mzuri sana. Lakini Verlin akiwa dukani watu huongea polepole."

Nilikaa juu ya kreti tupu. Sijui kwa muda gani. Niliporudi mezani, bunduki ya Benner ilikuwa imelala pale inaningoja, mbao nyekundu, kikaratasi kimefungwa, sahihi ya Zita upande wa kushoto kwa mwandiko wake wa duara. Ya kumi na mbili.

Nikaitoa bolti. Nikaitikisa karibu na sikio. Bubu.

Nataka niandike sawasawa nilichofikiri, kwa sababu najua baadaye nitajidanganya. Nilifikiri: itakwama. Lamar atairudisha kwa hasira, atasema mbele ya watu, hii ya yule mama haifanyi kazi. Wendell atasikia. Hilo tu. Nilitaka Zita aone haya mara moja, kama mimi nilivyoona haya leo nyuma ya ukuta wa mbao. Lile jambo la mwaka wa sabini na nne lilikuja kichwani, likasimama mlangoni. Sikulikaribisha.

Nikaweka bolti mahali pake. Nikatia sahihi upande wa kulia.

Ijumaa, 30 Oktoba

Lamar ameichukua. Faye ameibusu mbao kwa mzaha. Nitampigia simu Lamar kesho nimwambie airudishe, nimesahau kitu.

Jumamosi, 31 Oktoba

Sijapiga.

Jumatatu, 2 Novemba

Umande umeganda kwenye kioo cha gari. Grisi hugeuka gundi katika hali hii. Niliinua simu ya duka, Zita akaingia akinisalimia, nikaiweka chini.

Jumatano, 4 Novemba

Lamar alipita na basi lake, akapiga honi, akanipungia. Anaonekana mzima. Pengine pini imejiachia yenyewe. Pengine hataitumia mpaka majira ya kuchipua.

Alhamisi, 5 Novemba

Sijapiga.

Jumapili, 8 Novemba

Ilikuwa jana. Siku ya shabaha klabuni, watu labda arobaini, supu ya kuku na mahindi kwenye sufuria kubwa, baridi ya kukata masikio. Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu nilijiambia nitawakuta mapema, nitaomba bunduki niitazame kidogo, nitaifungua bolti kwenye boneti la gari, hakuna atakayejua. Gari halikuwaka. Nilihangaika na betri robo saa nzima.

Nilipofika walikuwa wamekwisha kujipanga chini ya lile paa la bati. Nilimwona Lamar mbele ya kibao cha saba. Faye alikuwa nyuma yake, amejikunyata, mikono kwenye makwapa. Nilianza kukimbia. Mtu mmoja akasema, "Verlin, supu iko huku!"

Lamar akajaza risasi, akaiachia bolti ijifunge.

Zilitoka zote kumi. Ilikuwa kama mtu anachana shuka moja ndefu. Ya kwanza na ya pili zilikwenda mbele, halafu mtutu ukainuka, Lamar hakuweza kuuzuia, nao ukapanda ukatoboa bati, na moja ikapiga nguzo ya chuma. Kipande cha nguzo au cha risasi, daktari hajasema, kikarudi nyuma.

Faye hakupiga kelele. Aliketi chini taratibu kama mtu aliyechoka, akafunika jicho la kushoto kwa mkono, akasema, "Lamar, iweke chini. Iweke chini, mpenzi wangu." Yeye ndiye aliyekuwa anamtuliza.

Nilishika kichwa chake mpaka gari la wagonjwa likafika. Alinishukuru.

Jumatatu, 9 Novemba

Polisi wa jimbo walikuja dukani na ile bunduki. Kisha Wendell akaifungua bolti mwenyewe kwa mikono yake inayotetemeka, nami nikamtazama akihangaika. Pini ilikuwa imechomoza mbele, imeshikwa na grisi kama jino kwenye ufizi.

"Hii alisafisha Zita," akasema.

"Ndiyo."

"Ulimfundisha bolti?"

"Nilimfundisha."

"Na uliikagua?"

"Niliikagua. Ilikuwa inalia, mzee. Sijui. Labda grisi ilishuka baadaye na hii baridi."

Akaniamini. Miaka ishirini na miwili ndiyo iliyomfanya aniamini.

Zita alipofika, Wendell alimwambia kwa upole: grisi ilibaki kwenye bolti. Hakumwambia zaidi, hakutaka kumponda. Zita hakujitetea. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akatoa ufunguo akauweka juu yake.

"Yule mama anapiga kinanda," akasema. "Siwezi kushika nyingine."

"Kaa kwanza, Zita," Wendell akamsihi.

"Hapana, mzee. Nisamehe." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, kaka Verlin. Nimekuchafulia sahihi yako."

Jumanne, 10 Novemba

Nimepata nilichokitaka. Meza yote ni yangu.

Ijumaa, 13 Novemba

Theluji kidogo, haikushika. Wateja wanaingia, wanauliza Zita yuko wapi, wanatoka. Mashine yake bado iko pembeni. Nimeitumia. Kazi yangu nayo inatoka nzuri sasa.

Jumamosi, 14 Novemba

Wendell amenikalisha. Amesema majira ya kuchipua atapumzika, na kwamba alikuwa na mawazo mengine lakini sasa anaona duka ni langu kwa haki. "Ulikuwa hapa wakati wote, Verlin. Nilikuwa nimekuzoea mno nikaacha kukuona."

Nimeyangoja maneno hayo tangu nikiwa na nywele. Nilishukuru. Nilikwenda chooni nikafungua bomba la maji nikasimama hapo.

Jumanne, 17 Novemba

Faye ametoka hospitali. Jicho halikutolewa. Wanasema tungoje.

Jumatano, 18 Novemba

Wendell alikuwa kwa daktari. Saa nne Zita akaingia kwa mlango wa mbele kama mteja, koti limefungwa hadi shingoni.

"Sikuja kuomba kazi," akasema. "Naomba unionyeshe bolti. Nataka kujua nilikosea wapi. Kila siku nafua shuka zangu na kuzifua tena, sijui nilikosea wapi."

Ningeweza kumwambia njoo kesho. Alikuwa amekonda usoni. Nikachukua bolti kutoka kwenye kreti la mwisho, nikaibana kwenye jiliwa, nikachukua nyundo ndogo na msumari butu, nikagonga. Pini ikatoka taratibu, imefunikwa grisi, ndefu kama kidole cha kati.

Zita aliiangalia.

"Hiki ni nini?"

"Pini. Ndiyo inayogonga risasi."

"Inakaa ndani?"

"Ndani."

"Mimi sijawahi kuitoa hii." Alisema taratibu, kama anayesoma barua kwa mtu mwingine. "Hata mara moja. Hukuniambia kuna kitu ndani. Uliniambia futa nje, tia tone la mafuta, weka kando."

Nikaiweka nyundo chini.

"Nimesafisha bunduki kumi na mbili, Verlin." Lile neno kaka lilikuwa limekwisha. "Kumi na moja zilikwenda kwa watu zikapiga vizuri. Zile kumi na moja zilisafishwa ndani na nani?"

Nje lori la mbao lilipita, vioo vikatetemeka. Nilitamani lisiishe kupita.

"Na mimi," nikasema.

"Na ya kumi na mbili?"

"Hiyo niliiacha."

"Ulisahau?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Alikuwa amenifungulia mwenyewe. Neno moja tu, ndiyo, nami ningetoka.

"Hapana," nikasema. "Niliitikisa, ikawa bubu, nikatia sahihi. Nilitaka Wendell akuone hujui."

Hakunipiga. Hakulia. Aliifuta ile pini kwa kitambaa, kutoka kichwani hadi nchani, polepole, mpaka ikang'aa, akaiweka juu ya meza.

"Nilikuwa nakuheshimu," akasema. "Nilikuwa nawaambia dada zangu, nafanya kazi na fundi, haongei sana lakini fundi." Akavaa glavu zake. "Faye utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

"Mimi."

"Leo."

"Leo."

Alhamisi, 19 Novemba

Nilikwenda jana alasiri. Lamar alinifungulia, akasema, "Oo, Verlin, ingia, ingia," akaniwekea kiti. Niliwaambia nikiwa nimesimama.

Lamar aliuliza mara moja tu: "Siku ngapi? Ulijua siku ngapi?"

"Tisa."

"Nilikupigia honi," akasema. Kisha akatoka nje bila koti, akaenda kusimama uwanjani kati ya kuni zake, ametugeuzia mgongo.

Faye alikuwa kwenye kochi, bandeji upande mmoja. Kitabu cha nyimbo kilikuwa wazi mapajani.

"Nikifumba hili zima," akasema, "noti zote zinageuka mchanga. Daktari anasema huenda zikarudi, huenda zisirudi." Akakifunga kitabu. "Unataka nikusamehe, Verlin?"

"Sikuja kuomba hilo."

"Vizuri. Kwa sababu sijui bado umenichukulia kiasi gani. Daktari akishaniambia, nitajua ninachotakiwa kusamehe. Sasa nenda, kabla Lamar hajarudi ndani."

Ijumaa, 20 Novemba

Nimewaambia polisi wa jimbo. Wameandika kurasa mbili, nimetia sahihi kila ukurasa. Wamesema nisiondoke wilayani. Ningekwenda wapi?

Wendell nilimwambia asubuhi. Nilimpa hii shajara, nikamfungulia ukurasa wa Septemba, nikasimama huku akisoma. Alisoma akiuweka mbali kwa sababu ya miwani. Alipofika palipoandikwa kumi na moja, alirudi nyuma akazihesabu kwa kidole, moja, tatu, tano.

"Kila mara uliifungua bolti ukaiona," akasema. "Kila mara ulikuwa na nafasi ya kumwita."

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi nilimwacha yule mama atoke mlango ule akijiona ndiye mkosaji." Nilidhani atanifokea, aliketi tu, mkono wake ukigonga meza bila yeye kutaka. "Niachie ufunguo, Verlin. Usiniambie kwaheri, sitaweza kuijibu."

Jumanne, 24 Novemba

Nimepata kazi kwenye kiwanda cha mbao, kupanga mbao. Hawaulizi mengi. Usiku wa kwanza mabega yaliniuma mpaka nikafurahi.

Alhamisi, 26 Novemba

Sikukuu ya shukrani. Bata mzinga wa kopo.

Jumamosi, 28 Novemba

Jumatatu msimu wa kulungu unafunguliwa, na mkono wa kujazia risasi wa bunduki yangu ya kuwindia umeanza kukwama. Ningeirekebisha mwenyewe, ila vifaa vyangu vyote vilikuwa vya Wendell. Kuna fundi mwingine ng'ambo ya mlima. Niliendesha kwenda huko hadi kwenye daraja, nikasimama, nikageuza gari. Sijui kwa nini niligeuza. Nilijua kwamba nikivuka mara moja nitawakwepa maisha yangu yote.

Duka la Wendell lilikuwa limejaa, harufu ya sufu iliyolowa na kahawa, kila mtu na shida yake ya dakika ya mwisho. Waliponiona waliacha kuongea. Dirishani wamebandika karatasi mpya: Stauffer na Pavlik. Niliisoma, nikaona wivu ukinipanda kooni kama kiungulia, uleule, wala haukupungua hata punje. Nilidhani ungekuwa umekufa. Ulikuwa umenisubiri mlangoni.

Lamar hakuwepo. Wendell alikuwa nyuma, nilimsikia akikohoa, hakutoka. Zita alikuwa kwenye ile meza, mikono imejaa mafuta hadi kwenye viwiko, kalamu sikioni.

Niliweka bunduki mbele yake. "Mkono wa kujazia unakwama," nikasema. "Naomba uniangalizie."

Alichukua kikaratasi. "Jina?"

"Zita."

"Nauliza jina la mteja."

Watu walikuwa wanasikiliza. "Verlin Rupp," nikasema.

Akaliandika kwa ule mwandiko wake wa duara, akakifunga kikaratasi kwenye bunduki, akaisimamisha mwisho wa mstari.

"Kuna watu watatu mbele yako," akasema.

Nikavua kofia, nikatafuta kiti kwenye safu ya wateja, nikakaa.